Sifahamu Kiarabu

Harufu ya grisi ya mnyororo, popote nilipo, hunirudisha kwenye njia ya mawe ya kutoka Sidab kwenda Ansab, kule Omani. Wanawake wa kwetu walikuwa wakienda harusini kwa miguu, nami, mtoto wa kike, nikiwafuata kwa baskeli tuliyokuja nayo kutoka Unguja. Mzee mmoja wa njiani akaushika usukani.

"Inzili!"

Teremka. Nilimfahamu vizuri sana. Nilijua pia kwamba nikiteremka siku ile, sitaipanda tena.

"Sifahamu Kiarabu, babu!"

"Mwarabu gani huyu?" akafoka kwa Kiarabu.

"Mwarabu wa baskeli!" mama akamjibu kwa Kiswahili, na wenziwe wakaangua kicheko. Mzee akaachia. Nikakanyaga.

Hadi leo nikiamriwa kuteremka, Kiarabu chote hunipotea.