Biblia Moja na Finjani Zisizokwisha

Safari hii ilianza na mdomo wangu. Salim, niliyekaa naye dawati moja Moshi kabla wazazi wake hawajahamia Oman, alikuwa akinialika miaka nenda miaka rudi, na safari hii nikakubali. Jumamosi nikawaaga wanafunzi wangu wa kipaimara. Somo lilikuwa utoshelevu wa Biblia. Mzee Kaaya, mzee wa kanisa anayelitamani darasa langu, akadakia kutoka mlangoni: "Inatosha kwa imani na wokovu, Mwalimu. Sasa na desturi za Waomani utazitafuta humo?"

Nikamjibu kuwa nitazitafuta humo humo, sitamuuliza mtu, na nikiuliza darasa ni lake. Wanafunzi wakapiga makofi. Tangu nistaafu, darasa hilo ndilo linalonifanya nivae viatu Jumamosi, nami nikaliweka rehani kwa majivuno tu.

Muscat, Salim alinipokea uwanja wa ndege. Ndani ya gari akasema, "Nikupe brifing kidogo ya mambo ya huku?"

"Ninayo hapa," nikamwambia, nikiupigapiga mkoba wenye Biblia. Akacheka, akakanyaga mafuta.

Ibra, mji wa kwao Salim, tulifika alasiri. Nilimwamkia mama yake, Bi Zuwena, shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha Unguja ya zamani. Zikaja tende, ikaja halua, likaja dele la kahawa. Salim akasimama kunimiminia kidogo tu katika finjani, kikombe kisicho na mkono. Nikanywa. Akamimina tena. Nikakumbuka wale sabini waliotumwa na Bwana mji kwa mji, wakaagizwa kula walichowekewa. Agizo lilikuwa wazi, nikatii. Akamimina, nikatii. Kahawa yenyewe ilikuwa chungu, imejaa iliki.

"Mashaallah," akasema Bi Zuwena, "mgeni wetu huyu kahawa anaipenda. Salim, kapike nyengine."

Usiku ule sikupata usingizi hata wa kuibia.

Siku ya pili tukashuka Sur, tukapitiliza hadi Ras al Hadd kwa Hamad, mjomba wa Salim. Bi Zuwena alikuwa ameshapiga simu kwamba anakuja mpenzi wa kahawa, na Hamad akatoa dele lililokuwa kubwa kuliko lile la Ibra. Nikaomba kimoyomoyo kikombe kile kiniepuke, maana nilisoma kwamba aliye mkuu kuliko mimi aliomba hivyo bustanini. Mikono, iliyolewa kahawa, ikaanza kutetemeka na finjani ikatikisika. Papo hapo Hamad akaacha kumimina, akaipokea finjani, akaenda kuketi. Kidogo niimbe pambio. Nikawatumia wanafunzi ujumbe: "Neno linatosha."

Alfajiri, kwa kuwa nilikuwa macho hata hivyo, tulikwenda Ras al Jinz kuona kasa. Tulimkuta mmoja akifukia mayai yake kwa miguu yake iliyo kama makasia, bila haraka. Alilijua la kufanya bila kuuliza mtu, nikamwonea wivu.

Nizwa tulifikia kwa Asma, dada yake Salim. Bi Zuwena alitutangulia. Nilikuwa nimesinzia garini njia nzima, mikono imetulia, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Asma akamimina, nikanywa. Nikaomba ombi lile lile la Ras al Hadd, dele likarudi. Nikafungua Biblia pajani kutafuta msaada, nikaangukia habari za yule Mwethiopia garini. Miaka yote nazifundisha kwa ajili ya ubatizo. Sikuwahi kuona kwamba mtu yule alikuwa safarini, ana Maandiko mkononi, na alipoulizwa kama anaelewa hakuona haya kusema anahitaji wa kumwongoza.

Moyo uliniuma, maana akilini nilimwona Mzee Kaaya keshakaa kwenye kiti changu.

"Asma," nikasema, "kahawa yenu inaachwaje?"

"Itikise finjani, mwanangu," akasema Bi Zuwena. "Ukishaitikisa, khalas, ushatosheka."

Nikaitikisa, Asma akaipokea. Ilikuwa ni hilo tu.

"Mbona hukuuliza tangu Ibra?" akauliza Bi Zuwena.

"Nilidhani Kitabu kitanitosha, mama."

"Kwani Kitabu chako kimekukataza kuuliza?"

"Hapana. Kimeniambia sasa hivi niulize."

Salim alicheka mpaka akalala kwenye mto.

Moshi, Jumamosi ya kurudi, niliwasimulia wanafunzi yote, pamoja na ule muujiza wa mikono kutetemeka Ras al Hadd. Niliwaambia kwamba Biblia bado inanitosha kumjua Mungu na kuishi na watu, ila mimi niliruka kurasa za unyenyekevu. Kisha nikatangaza kuwa darasa ni la Mzee Kaaya. Sikuficha kwamba iliniuma.

Jioni Mzee Kaaya akaja nyumbani kuchukua ufunguo wa darasa. Nikauweka mezani mbele yake, nikamkaribisha kwa dele na finjani alizonizawadia Bi Zuwena. Nikasimama, nikamimina. Akanywa, nikamimina. Mzee Kaaya amelelewa kutokataa cha mwenyeji, akanywa tena. Jasho likaanza kumtoka. Nikamimina.

"Mwalimu," akasema mwishowe, akinitazama juu ya finjani, "hivi hii inaachwaje?"

"Kwanza," nikamwambia, "sogeza ufunguo huku."