Mtoto wa Sukari

Purity Igoki wa Githongo hakuwahi kuteswa na umaskini. Ana kahawa, ana ng'ombe wa maziwa, ana nyumba ya mawe. Kinachomtesa ni Kendi. Hao wameolewa na ndugu wawili, ua wa michongoma ndio unaotenganisha mashamba yao, na kwa miaka yote niliyokaa jirani nao sijaona Kendi akipata kitu kizuri bila Igoki kuumwa na kichwa. Kendi alipojenga tangi la maji, Igoki alijenga kubwa zaidi. Mpaka leo halijajaa.

Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, Kendi alipeleka kanisani mtoto wa mbwa. Siku hiyo kila mtu huleta shukrani ya alichojaliwa, na ibada ikiisha vitu hupigwa mnada uwanjani. Ndizi na kuku walinunuliwa kwa uvivu kama kawaida. Alipoinuliwa mtoto wa Tosha, mbwa wa Kendi, watu walisimama. Tosha anajulikana: mwizi wa kahawa hapiti kwake. Wageni waliotoka Kaaga walishindana na wazee wa kanisa wenyewe, na mhubiri akasema mama huyu Mungu amembariki hadi mbwa. Igoki alikuwa ameleta viazi vikuu. Hakuna aliyevitazama.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: mavuno yajayo, ainuliwe mtoto wa mbwa wake yeye, na jina litakalotajwa liwe lake. Akatafuta mbwa jike mdogo, akamwita Sukari, akamlisha maziwa hadi mumewe Mwenda akauliza kwa upole kama chai yake pia ingeweza kupata kidogo.

Sukari alipata joto lake la kwanza hata mwaka hajafikisha. Madume ya kijiji yakajazana langoni. Daktari wa mifugo, aliyekuwa amekuja kuona ng'ombe, alimwambia Igoki amfungie: joto la kwanza huachwa lipite, na la pili pia ikiwezekana, mpaka mbwa akaribie miaka miwili na nyonga zikomae. Nadhani angetii. Bahati mbaya, siku ileile Kendi alisimama kwenye ua, akamwita kwa jina la mwanawe, akamwambia jambo hilohilo.

"Mama Mutwiri, fungia huyo kwa nyumba. Bado ni mtoto. Hata mimi Tosha nilimngojea mpaka miaka miwili."

Hapo ndipo ushauri ulipoharibika. Kwa kuwa ulitoka kinywani mwa Kendi, ukageuka njama. Tukiwa kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani, Igoki alituambia kwamba Kendi anaogopa, anataka kusifiwa peke yake. Tukamwuliza, na daktari je, naye ana kijicho? Akajibu kwamba daktari hunywa chai kwa Kendi. Hasidi hana sababu, na akiikosa huitengeneza. Alipofika nyumbani akafungua lango.

Miezi miwili baadaye Sukari alishikwa na uchungu asubuhi, na mpaka mchana alikuwa anasukuma bila kitu kutoka. Igoki alipiga magoti kwenye banda la kuni, leso imelowa, akimwita majina yote matamu anayoyajua. Namlaumu kwa mengi, lakini siku hiyo alimlilia yule mbwa kwa dhati. Mwenda hakumwomba ruhusa; alienda kumwita Kendi, na Kendi akaja na daktari kwa pikipiki. Watoto wawili wa kwanza walitolewa wamekufa. Wa tatu akapumua. Lakini Sukari mwenyewe alikuwa mtoto tu. Alimnusa mwanawe, akaogopa, akamkimbia.

Tosha alikuwa ananyonyesha wiki hiyo. Kendi alimfunga yule mdogo kwenye sweta yake, akamtazama Igoki, akangoja ruhusa ya kumpeleka kwa Tosha. Ilichukua muda Igoki kuitikia kwa kichwa. Aliona afadhali angeombwa shamba.

Jumapili ya mavuno ikafika tena. Igoki alikuwa amemchukua mtoto wa Sukari kwa Kendi jana yake, akamwogesha, akamfunga utepe shingoni. Ibada ilipoisha alimweka chini katikati ya watu, na mzee wa kanisa akauliza huyu ni wa nani.

"Ni wangu," Igoki akasema, kwa sauti ya kufika barabarani.

Mtoto wa mbwa akainua pua, akapita katikati ya miguu yake, akavuka uwanja mzima akiyumbayumba, akaenda kulalia viatu vya Kendi. Watu wakacheka. Kendi akamwinua, akarudi naye, akamweka mikononi mwa Igoki mbele ya wote.

"Ni wake," alisema. "Kwangu alinyonya tu."

Kanisa zima likapiga makofi. Igoki alisimama palepale na mbwa wake mkononi, akijua kabisa makofi yale yalikuwa ya nani.

Wiki hii Sukari amepata joto la pili. Igoki amemfungia stoo, na ufunguo anatembea nao kifuani. Jana Kendi alimpongeza kutoka upande wake wa ua.

"Ni daktari alisema," Igoki akamjibu.

Kendi akasema daktari alisema vizuri. Igoki akaingia ndani, na chakula cha mchana ambacho hakukigusa akampelekea Sukari stoo.