Mguu wa Mkwe Hauangaliwi

Mzee Jean-Berchmans alihamia kwa mwanawe hapa mtaani kwetu Nyamianda mwaka ule mkewe alipofariki. Alikuja na kiti chake cha mbao, rozari, na viatu ambavyo hakuna aliyewahi kumwona akivivua mbele za watu. Alikuwa mkulima wa mpunga kule kwenye bonde la Ruzizi, mtu ambaye miguu yake imeishi majini zaidi kuliko baadhi ya samaki. Mimi ni jirani yao, ukuta wetu ni mmoja na ni wa mabati, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyaokota sokoni.

Niseme mapema kwamba mzee huyu alinichosha. Ukimuuliza ameamkaje, sawa. Amekula? Sawa. Mvua imeingia chumbani mwake hadi godoro likaloa, sawa. Siku walipomzika mkewe, Marie-Rose, wanasema hakulia. Aliuliza tu kama miche imepata maji. Watu wa kwao wakamsifu kwamba ni mwanaume kweli. Mimi nilipomfahamu niliona jambo jingine. Alikuwa amezimika, kama nyumba iliyokatiwa umeme na wenyewe wakazoea giza.

Mchana kutwa alikuwa na Naomie, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe, Niyongabo, yuko kwenye machimbo ya dhahabu na anarudi Krismasi, akirudi. Naomie ni mwanamke mwema, na nasema hivyo nikijua kwamba kinu changu anakirudisha siku anayokumbuka. Alimpikia mzee, akamfulia, akamwita Papa. Lakini kati ya mkwe na mkwe kuna haya, na kwa watu wa bondeni haya hiyo haichezewi. Mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe, wala hamgusi. Akimpelekea maji ya kuoga anayaweka nyuma ya pazia, anasema yapo, anaondoka kabla pazia halijatulia. Sisi Wavira nasi tuna heshima ya wakwe, ila sisi tukiona nyoka kwenye mguu wa mkwe, tutasema.

Kwa hiyo tangu Marie-Rose afe, hakuna jicho lililokuwa limeona nyayo za mzee. Mkewe ndiye aliyekuwa akimtoa miiba, akimkata kucha, akimchanganyia maji. Yeye mwenyewe hakuweza. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia ukungu machoni, na kiuno kilishakataa kuinama.

Sukari hiyo ndiyo iliyomleta Bénédicte, muuguzi wa zahanati moja ndogo upande wa Kimanga. Anazunguka majumbani kwa wagonjwa wa sukari, anaangalia miguu tu. Alikuwa akija kwa dada yangu, nikamwelekeza kwa Naomie, na nikamweleza Naomie mambo yatakavyokuwa, maana alikuwa na wasiwasi. Nilimwambia asitegemee gari wala koti jeupe. Bénédicte anakuja kwa mguu, kikapu mkononi. Anaomba mgonjwa akae penye mwanga, halafu yeye anakaa chini kabisa, kwenye kigoda. Anataka viatu vyote vya mgonjwa, hata vile vya aibu, na anatia mkono ndani mpaka mwisho kutafuta kokoto au ncha ya msumari. Anapapasa juu ya mguu kusikiliza kama damu inapiga. Kucha anazikata zikanyooka, hazungushi kwenye kona. Hakuna sindano. Dada yangu alisinzia kazi ikiwa katikati.

Habari ya maji hakuna aliyekuwa ametuambia.

Mzee aliposikia kwamba mgeni anakuja kumshika miguu, alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Kumbe kule kwao aliwahi kuwa mmoja wa wale kumi na wawili ambao padri huwaosha miguu Alhamisi Kuu. Na Mkatoliki yeyote anajua kinachotangulia: aliyechaguliwa hujisugua kwanza nyumbani kwa maji ya moto, chumvi na jiwe, mpaka nyayo zing'ae. Nani atampa padri mguu mchafu? Padri anaosha miguu iliyokwisha kuoshwa, na kanisa zima linajifanya halijui. Basi mzee akaagiza maji ya moto na chumvi.

Naomie akayachemsha. Akayaweka nyuma ya pazia kwenye beseni, na ndoo ya maji baridi kando ili mzee achanganye mwenyewe, akasema yapo, akaondoka. Mzee akadhani yamekwisha changanywa, kama enzi za Marie-Rose. Akatumbukiza miguu yote miwili na kuanza rozari. Nilimsikia kupitia mabati, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, sauti haipandi wala haishuki, na nikasema moyoni leo mzee anastarehe. Naomie alipokuja kuchukua beseni, aliyamwaga yale maji bila kuyatazama, kwa sababu hata maji ya miguu ya mkwe hayatazamwi.

Bénédicte alifika akamkuta amevaa soksi safi na viatu vilivyong'arishwa. Naomie akatoka nje, kama inavyotakiwa, nikabaki mimi. Muuguzi alipovuta soksi ya kulia, ngozi ikaja nayo. Sitasema zaidi ya hapo. Mzee alikuwa ametazama mlangoni kwa utulivu, anangoja kusifiwa usafi.

Nilikasirika, na nilikosa wa kumkasirikia. Bénédicte hakupandisha sauti. Alisafisha, akafunga bendeji, kisha akamwomba mzee afumbe macho. Akatoa uzi mgumu wa nailoni, akawa anamgusa nao hapa na pale kwenye nyayo, aseme akisikia. Mzee akajibu nasikia, nasikia. Mwishoni Bénédicte alikuwa amekwisha rudisha uzi kikapuni na mikono ameikunja mapajani, na mzee bado anasema nasikia, kwa adabu, asimvunje mgeni moyo.

Majeraha ya mguu wa kushoto yalikauka. Wa kulia ulifanya kidonda upande wa chini, kuanzia kwenye kidole kikubwa, na baada ya muda kikaanza kunuka. Hapo Bénédicte alituita sote uani. Naomie alisimama mlangoni, ametupa mgongo.

"Minye siwezi kukuya kila siku," Bénédicte alisema. "Na hii muguu inataka macho kila asubuyi. Muntu aifungue, aiangalie chini na katikati ya bidole, aioshe na maji ya vuguvugu, aipanguse, aifunge. Kama muntu haiko, tutamupeleka Lemera ku lopitali, na kule bataikata."

Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti la mzee, kuonyesha mahali.

Tukaanza kutafuta huyo mtu. Tulimletea mzee kioo, lakini macho yake hayakuona ndani ya kioo zaidi ya yalivyoona nje. Mimi nilijitolea. Mzee alikataa, akasema mjane akimshika mgane mguu kila asubuhi, Jumapili watawatangazia ndoa. Huo ndio utani pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, na hata yeye hakuucheka. Niyongabo alisema kwenye simu tumtafute mwanaume wa parokia. Akapatikana, akaja asubuhi moja, ya pili akatuma salamu. Naomie alimpigia mama yake mzazi kuomba ushauri. Mama alilia, akamwambia binti yake asithubutu, watu watasema nini.

Mzee tulipomwambia kwamba imebaki Lemera na kukatwa, alisema sawa.

Nikampandishia sauti. Nilimwambia mguu si mche wa mpunga, haupandwi tena. Nilimwambia Naomie ndiye atakayembeba kwenda chooni akiwa na mguu mmoja, na hapo hiyo haya ataiweka wapi? Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kufika. Nilirudi kwangu nikiwa na uchungu mwingi, nikapika maharage yakaungua.

Asubuhi iliyofuata Naomie aligonga mabati. Alisema nije nikae nao uani, nikae tu, ili baadaye asitokee wa kusema alikuwa peke yake na mkwe wake. Nilimkuta ameshapima maji kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Naomie alipopiga magoti, mzee alivua kofia yake na kujifunika nayo uso wote, ili yeye asimwone mkwe wake na mkwe asimwone yeye usoni. Heshima iliyowezekana kubaki, waliibakiza hivyo. Niliwahurumia wote wawili.

Naomie alifungua bendeji, akaweka kisigino cha mzee kwenye kiganja chake, akauinua mguu na kuinama mpaka akaona chini yote. Alipenyeza kidole katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine. Akaosha. Alikuwa amesahau taulo, akapangusa kwa upindo wa kitenge chake. Akaweka dawa, akafunga bendeji mpya, na mguu akaulaza mapajani mwake, ameushika kwa mikono miwili. Mzee muda wote hakusogea hata kidogo.

Kisha sauti ikatoka chini ya kofia.

"Mwanangu," alisema, "kama unaogopa, acha. Lakini kama unataka kuanza, anza sasa. Haya inaniua."

Naomie alinitazama. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nilisha anza, Papa," alisema. "Nilisha maliza. Niko naushika."

Kofia ilibaki pale pale. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, naye akamwita Marie-Rose, mara moja kwa sauti ya kawaida kana kwamba yuko jikoni, halafu kwa kilio. Alilia mpaka jua likaingia uani. Naomie hakuuachia mguu.

Kidole kikubwa hakikupona, kilikatwa. Mguu upo. Chini pale mzee bado hasikii kitu, kwa hiyo kila asubuhi anamuuliza Naomie kama ameanza.