Koti la Kijani Lililopotelea Mitumbani

Pale maktaba tulimwita Chimba, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila Jumamosi, wengine tukienda harusini au tukijilalia, yeye alikuwa ameinama juu ya lundo la mitumba, mkono umezama hadi kiwikoni, macho kayatupa darini kama mtu anayesikiliza habari redioni. Hakuchagua kwa macho, alichagua kwa vidole. "Macho yanahongwa na rangi," aliniambia. "Kidole hakihongwi."

Kidole chake kikigusa hariri ya kweli, au sufu ya enzi zile watu walipokuwa hawana haraka, alivuta, na kilichotoka kilitufanya sisi tuliovaa vipya tujione tumevaa makaratasi. Aliwahi kukuta saa ya kutia ufunguo imesahauliwa ndani ya kiatu cha mtoto. Aliwahi kununua kisanduku kibovu, akakipangusa vumbi, akakuta ndani vijiko sita vya fedha vimeviringishwa katika gazeti lililochapwa kabla yeyote kati yetu hajazaliwa. Fahari yake kuu ilikuwa koti la ngozi la kahawia, refu, laini kama sikio la ng'ombe, alilolitoa chini kabisa ya lundo katika duka la Mama Henga. Mama Henga mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuacha nguo ikae sakafuni kama kulikuwa na henga tupu ya kuitundika, alijuta mwaka mzima. "Lilikuwa dukani kwangu wiki tatu," alikuwa akisema, "nami nalikanyaga!"

Kazini Chimba alikuwa akijalidi vitabu vilivyochanika, katika chumba cha nyuma, mimi nikiwa kwenye dirisha la kuazimisha. Mikono ile ilikuwa ya urithi. Mama yake alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye pindo anakwambia kama aliyeshona alikuwa na haraka, au alikuwa na huzuni, au alikuwa anapiga soga.

Kisha Mama akaanza kusahau. Alianza kwa kusahau mkasi alipouweka, na nani asiyesahau mkasi? Akaja kusahau jiko linawaka. Akasahau njia ya kutoka dukani kwake, mtaa aliokaa maisha yake yote, na wateja wakamrudisha kwa kumshika mkono. Mwishoni akamsahau mwanawe. Chimba alimhamishia kwake, vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na kaka yake aliyekuwa mbali akawa anapiga simu kila Jumapili. "Mvumilie, dada yangu." Chimba alikuwa akikata simu ananiambia, "Kuvumilia kwa simu hakuna uchovu."

Nyumba ya Mama ilibidi ifungwe. Chimba aliipanga peke yake kwa siku moja, huku Mama kakaa katikati ya chumba akiuliza wageni hawa wanaondoka lini. Mifuko ilikuwa ya aina moja, myeusi yote: ya kubaki aliiweka kushoto, ya kutoa kulia. Jioni akaja mwenye mkokoteni. Katika kuteremsha ngazi, kushoto na kulia vikachanganyika. Mfuko wa kubaki ukaenda kwa Mama Henga, na wa kutoa, uliojaa mapazia yaliyoliwa na nondo, ukapandishwa juu hadi kwa Chimba kwa heshima zote.

Ndani ya mfuko uliokwenda mlikuwa na koti la kijani. Mama alilishona mwenyewe alipokuwa msichana, kwa mshahara wa kwanza, sufu nzito, bitana ya rangi ya majivu, vifungo vitano vya pembe. Katika kila picha ya utoto wa Chimba, koti lile lipo, hata pale kichwa cha Mama kilipokatwa na mpigapicha.

Wiki mbili baadaye baridi ikaingia. Asubuhi Mama akaamka, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi mlangoni. "Leteni koti langu. Nachelewa kazini."

Chimba akafungua mfuko. Akaona mapazia.

Alikimbia hadi kwa Mama Henga bila kufunga kamba za viatu. "Lile la kijani?" Mama Henga akasema, na uso ukamshuka. "Mwanangu, lile halikumaliza saa moja. Alilichukua mwanamke mrefu mwenye sare ya ulinzi. Akalivaa hapa hapa, akafunga vifungo vyote, akatoka nalo."

"Wa ulinzi wa wapi?"

"Kama ningekuwa nauliza watu wanalinda wapi, nisingekuwa na mteja."

Tangu siku ile Mama alikataa kula. Hakuwa na hasira. Alieleza kwa adabu, kama mtu mwenye ratiba. "Nikila sasa nitachelewa. Nasubiri koti." Aliketi kwenye kigoda mlangoni tangu asubuhi hadi jua lizame, mikoba miguuni. Maji alikunywa, lakini akisogezewa kijiko, alifunga mdomo. Siku ya tano alimtazama Chimba usoni muda mrefu, Chimba akadhani amemkumbuka. "Wewe binti," Mama akasema, "nimekuona. Wewe ndiye uliyeiba koti langu."

Chimba aliniambia kesho yake, gundi ikikauka kwenye brashi mkononi: "Ningesema si mimi, ningekuwa nimesema uongo."

Akafanya alilolijua. Alizunguka maduka yote ya mitumba ya mji, akachimba kama mtu anayetafuta aliyefukiwa na kifusi. Saa, vijiko, hariri, vyote vilipita vidoleni asivione. Alileta koti la kijani la kwanza. Mama akalipindua ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Aliyeshona hili alikuwa na njaa," akasema, akalirudisha. La pili: "Ukosi umekatwa na mtu aliyefumba macho." La tatu lilifanana hata mimi nilishtuka, vifungo vya pembe na yote. Mama alilishika kwa muda, akalikunja vizuri, akampa Chimba kwa upole uliouma kuliko tusi. "Mpe mwenyewe. Na yeye atakuwa anasikia baridi."

Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, lakini vidole vilikuwa bado macho. Mtoto wake wa kumzaa hakumjua, lakini mshono wake mwenyewe aliujua.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akamvuta Chimba pembeni. Wiki moja zaidi ya hivi, akasema, itabidi alazwe alishwe kwa mpira wa puani, na kwa hali yake atauvuta mpira huo, na wakimfunga mikono...

Basi Chimba akaanza kutafuta walinzi. Malango ya benki, ya shule, ya maghala, ya viwanda. Jaribu wewe kusimama langoni ukimchunguza mlinzi koti, uone utakavyofikiriwa. Huku aliulizwa kitambulisho, kule alifukuzwa kwa tochi, na penginepo mlinzi mmoja mzee alidhani ni posa, akamwambia amechelewa, ameshaoa. Chimba hakucheka. Alikuwa amekonda karibu sawa na mama yake. Vitabu vilirundikana chumba cha nyuma, mkubwa wetu akaanza kukohoa kila akipita.

Siku ya tisa niliomba ruhusa nikaenda naye. Tulitembea malango kumi na moja. La kumi na moja lilipokuwa si lenyewe, alikaa chini ukingoni mwa barabara, kwenye vumbi, na koti lake la ngozi mwilini.

"Vya watu nimevitoa chini ya marundo kwa mikono hii," akasema. "Vya watu nisiowajua, waliokufa zamani. Cha mama yangu, kilichokuwa kabatini, nikakitupa. Na atakufa akinijua hivyo tu. Hatakufa akijua mimi ni mwanawe, atakufa akijua mimi ni mwizi."

Nilitaka kumwambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikaona methali si ya kumpa mtu aliyekaa vumbini. Nikakaa naye.

Tulimpata siku iliyofuata, kiwanda cha magodoro, lango la nyuma ambako upepo unapita kati ya kuta mbili kama maji kwenye mfereji. Mwanamke mrefu, kitambulisho shingoni, na mwilini koti la kijani. Chimba alisimama hatua tatu kabla. Nikaanza mimi, nikavuruga. Mlinzi akadhani tunamwita mwizi.

"Nililinunua dukani, mchana kweupe!"

"Najua, dada," Chimba akasema. "Kosa ni langu. Mama yangu alilishona. Ameacha kula. Kichwa chake kimechoka, anataka koti tu. Siku kumi sasa."

Mlinzi akamtazama. "Na mimi? Nasimama hapa tangu alfajiri. Hili ndilo la kwanza lililouzuia upepo huu. Mengine yote yanaukaribisha."

Chimba tayari alikuwa anavua koti la ngozi. Alimnyooshea kwa mikono miwili. Mlinzi alilipapasa, akaingiza mkono ndani ya mfuko, akalinusa. Alikuwa mtu mwaminifu. "Hili ni bora mara tatu kuliko langu. Dada, una akili timamu wewe?"

"Leo sina."

Walibadilishana pale pale langoni, wakivua na kuvaa mkono mmoja mmoja wa koti ili asibaki mtu wazi kwa baridi. Mlinzi alipokuwa akifunga mkanda wa ngozi akasema, kama anayeungama, "Mikono ilikuwa mifupi kwangu. Niliifumua nikairefusha. Mimi si fundi."

Hatukulitilia maanani neno hilo. Tulikuwa tumelipata.

Nilipanda naye juu nikiwa nimebeba bakuli la supu, maana tulijiona tumeshinda. Mama alikuwa kwenye kigoda, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege. Chimba akapiga magoti, akamwekea koti mapajani. "Koti lako, Mama."

Mama alilipindua. Kidole gumba kikaenda kwenye mshono wa ubavu, kikasimama. Kikaenda tena. Kidole kikapanda begani, kikashuka mkononi, kikafika pale palipofumuliwa, penye uzi mweusi na mishono mikubwa kama ya gunia.

"Si langu," akasema. "Mikono ya langu haiko hivi."

Chimba hakulia. Alilala tu sakafuni, ubavu, shavu kwenye ubao, macho wazi. Nimewaona watu misibani. Sijamwona mtu akianguka kimya kimya namna ile. Niliweka bakuli chini kwa sababu lilikuwa linamwagika.

Lakini Mama hakulirudisha koti. Alikuwa bado analigeuza. "Ukosi huu," akasema kidogo, peke yake, "umeshonwa na mtu anayejua." Akalivuta karibu na macho. Akaudhika. "Kazi nzuri kama hii! Nani kaivamia mikono?" Akamtazama Chimba pale chini. "Wewe mteja, inuka. Ulimpelekea nani?"

Chimba akaketi taratibu. "Nilimpelekea... mtu asiyejua, Mama."

"Mnakimbilia fundi wa njiani, akishawaharibia ndiyo mnakuja kulia kwangu. Lete mkasi mdogo."

Tulitazamana. Kumpa mkasi mtu ambaye juzi alijaribu kuchana nywele kwa uma? Chimba alimpa. Mama alishika ncha ya uzi mweusi, akakata mmoja, akauvuta wote kwa mwendo mmoja mrefu, safi, na mkono wa koti ukafunguka bila kuchanika hata uzi mmoja.

"Na mnipe chakula," akasema. "Fundi hashoni na njaa."

Alikunywa supu yote. Ilikuwa imepoa.

Kazi ya mikono miwili ilimchukua siku nne, na siku hizo nne alikula kama mvunja kokoto. Jumapili kaka alipiga simu akauliza kama Mama amemkumbuka. "Hapana," Chimba akajibu. "Naambiwa nirudi Alhamisi, na nisimharakishe." Alhamisi alikabidhiwa koti limepigwa pasi, mikono imerudi urefu wake wa zamani. Mama alimsaidia kulivaa, akalivuta mabegani, akarudi nyuma kulitazama. "Linakukaa," akasema. "Kama umeshonewa." Hakulitaka tena. Asubuhi iliyofuata aliuliza mteja anayefuata yuko wapi.

Kwa hiyo Chimba akarudi kwa Mama Henga, safari hii akitafuta vilivyoharibika. Alipekua lundo la vilivyokataliwa na wote, vizuri vya kale vyenye bitana iliyochanika na mapindo yaliyoachia, akampelekea mama yake kigodani, kimoja kimoja. Mama alikuwa akimgombeza kila alipofika. Alimgombezea kuchelewa, alimgombezea kuvaa ovyo, mara moja alimgombezea mama yake: "Hakukufundisha kushona kifungo, huyo aliyekuzaa?" Chimba akasema, "Alijaribu kunifundisha, mimi ndiye niliyekuwa mkaidi."

Ilidumu miezi saba. Mishono ikaanza kwenda upande, kisha ikawa mirefu, kisha Mama akawa anashona bila uzi, na Chimba akawa anapita nyuma yake akishona kweli. Nilikuwapo Jumamosi ile ya mwisho wa kazi, nimepita kuwasalimu. Gauni la zamani la hariri lilikuwa mapajani mwa Mama, pindo limeachia. Aliishika sindano kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Akamsogelea Chimba, akamuuliza kwa sauti ndogo ya mtu anayeona haya mbele ya mgeni:

"Samahani. Hiki kinafanya nini?"

Chimba akavuta kigoda kingine, akaketi ubavuni mwake, akamshika mkono, akamwonyesha.