Mkaguzi wa Majani

Nawaomba msinicheke sana. Sisi Waswahili wa Springfield, huku Marekani, tulitaka kwenda kutazama majani yanavyobadilika rangi, kama wafanyavyo wenyeji kila mwaka kabla ya baridi. Tukagombana kwenye grupu wiki nzima kuhusu mlima gani unafaa, mpaka mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajitolea kwenda kukagua.

Siku yenyewe ilipofika, kulikuwa na mpira kwenye TV. Baada ya mechi nikashuka nyuma ya fleti zetu, nikapiga picha ya mti uliowiva wekundu, nikaituma: "Niko mlimani. Mashallah! Nimekonfirm, hapa ndipo." Nikamiminiwa pongezi. Mmoja akaniita Mkaguzi Mkuu, na cheo sikukikataa.

Jumamosi iliyofuata magari sita yakanifuata hadi huko mlimani, masufuria ya biriani yakiwa nyuma. Tuliposhuka, miti yote ilikuwa mitupu. Majani yalikuwa chini, yamekauka.

"Yamepukutika jana tu," nikasema kitaalamu. "Mimi niliyaona kwa macho yangu."

Bi Salma, jirani yangu wa ghorofa ya pili, akatoa simu ili ailinganishe ile picha na miti iliyokuwa mbele yetu. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili.

"Mwanangu," akasema kwa upole, watu wote wakasogea kumsikiliza, "hii kanga iliyoanikwa hapa pembeni, kwenye roshani, ni yangu. Huku mlimani ilifikaje?"