Nyumba Isiyodai Kitu

Mwalimu Chediel alipopata kiinua mgongo chake alijenga mtaani kwetu Mandewa, hapa Singida, ukuta kwa ukuta na kwangu, nyumba ya bati la bluu ambayo bodaboda wote wa mtaa huu wanaitumia kuelekezana njia. Mkewe alishafariki, na watoto wake wanaishi mbali. Basi akaenda kwao Kiomboi kumchukua mama yake, Bibi Hana, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye tangu aolewe hakuwahi kulala kwingine ila kwenye nyumba yake ya tembe.

Tembe, kwa asiyeijua, ina paa bapa la fito na udongo, na haitaki uvivu. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande juu, azibe nyufa, aongeze udongo. Bibi Hana alipanda mwenyewe miaka mingi. Alipozeeka akawa anaita majirani, wao wanapanda, yeye anawasubiri chini na kata ya togwa. Ukiiacha misimu miwili tu, inalala chini.

Siku ya kubariki nyumba mpya, Mwalimu alisimama barazani, soda mkononi, mbele ya mchungaji na sisi wote. "Mama," akasema, "habari ya kupanda juu ya nyumba kila mwaka imekwisha leo. Nyumba hii haidai kitu." Tukapiga makofi. Mimi nikapiga na vigelegele, maana napenda shughuli. Ile tembe ya Kiomboi akaagiza iachwe kama ilivyo.

Mwezi wa kumi ulipofika, Bibi Hana akamuuliza, "Chediel, umeshapanda juu?"

"Mama, kule juu kuna bati."

"Sikuuliza kuna nini. Nimeuliza kama umepanda."

Mwalimu akaligeuza hilo kuwa kichekesho. Kila akikaa na watu dukani atasema, "Mama anataka nimwage udongo juu ya bati!" Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mwaka wa pili Bibi akauliza tena, tukacheka tena. Mwaka wa tatu hakuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote, na ningeweza kulificha hilo, ila nimeamua nisifiche.

Upepo wetu wa Singida hauna huruma. Unalitikisa bati miezi na miezi, msumari unalegea kidogo kidogo, na mwarobaini ulioko nyuma ya nyumba ile unamwaga majani yake kwenye gata, ule mfereji wa maji ya paa, bila kupumzika. Aliye chini haoni kitu. Anaona bati la bluu linang'aa, anafurahi.

Januari iliyofuata, siku ya Alhamisi, jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwa Mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana. Tuko katikati ya sala, tukasikia kishindo chumba cha nyuma, chumba cha Bibi. Tukakimbilia huko wote.

Kipande cha dari kilikuwa kimeanguka sakafuni, pale ambapo kitanda kilipaswa kuwa. Lakini kitanda hakikuwepo pale. Kilikuwa kimesukumwa hadi kona ya mbali, na nguo za Bibi zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Chini kulikuwa na mabeseni mawili na sufuria moja, yote yamejaa maji. Na ukuta, ukuta wa saruji uliopakwa rangi ya krimu, ulikuwa umekandikwa udongo pale maji yalipotiririka, kuanzia chini mpaka usawa wa bega la kikongwe. Alama za vidole zilionekana. Kuna udongo uliokauka ukapasuka, na juu yake udongo mwingine, na mwingine bado mbichi. Hiyo haikuwa kazi ya siku moja. Bibi alikuwa anabeba udongo wa bustanini kwa bakuli, anaiziba nyumba ya mwanawe kwa mikono yake, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto wa kiume haingii ovyo chumbani kwa mama yake, kwa hiyo Mwalimu hakujua. Na Bibi hakusema, maana mwanawe alishatangaza mbele ya watu kwamba nyumba haidai kitu.

Mwalimu alisawajika uso. Ndipo Bibi Hana akasema, akitutazama sisi wageni, "Ni mimi, jamani. Niliacha dirisha wazi, mvua ikaingia. Uzee huu."

Tuliliangalia dirisha. Lilikuwa limefungwa kwa komeo, na pazia lake kavu kabisa. Mwalimu naye aliliangalia. Kisha akasema, "Mama, nikwambie mara ngapi ufunge dirisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke, na wala si mimi niliyesema. Tukarudi sebuleni, tukamalizia sala, tukanywa chai. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Kesho yake asubuhi Bibi Hana alikuja kwangu na mfuko wake wa nailoni. "Mwanangu, nitafutie gari la Kiomboi. Nataka kwangu."

Na mimi, mdomo wangu huu, nikamjibu, "Kwako wapi, Bibi? Tembe si ilishaanguka mwaka jana?"

Akanitazama. "Imeanguka?"

Kumbe Mwalimu hakuwahi kumwambia. Bibi alikaa kwenye kigoda changu muda mrefu, mfuko mapajani. Kisha akainuka, akarudi kwa mwanawe polepole.

Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza, Mwalimu alisimama getini kwangu, macho chini. "Mama Witness, naomba ngazi. Mama hajala tangu jana." Nikamwita jirani yetu Antipasi, aliyekuwepo naye kwenye sala, tukaenda wote watatu. Mwalimu alipanda mwenyewe, na umri wake ule. Gata lilikuwa limejaa majani yaliyooza, limeota hata majani mabichi. Misumari kumi na moja ilikuwa imelegea. Akaigongelea, akaongeza mingine, akakwangua gata kwa kijiko cha bustani. Mpaka saa nne kazi ilikwisha. Asubuhi moja tu, kazi aliyoikataa miaka mitatu.

Aliposhuka alimkuta mama yake chini ya ngazi na kata ya togwa, ameishika kwa mikono miwili. Sijui aliikoroga saa ngapi. Mwalimu aliipokea, hakunywa.

"Juzi," alisema, na alikuwa anatuambia sisi, "dirisha lilikuwa limefungwa."

"Tunajua, Mwalimu," akasema Antipasi. "Wote tuliliona."

Mwalimu akalia pale pale uani, mtu mzima, kata mkononi. "Nisamehe, mama. Na tembe yako nimeiua mimi."

"Kunywa," Bibi akamwambia. "Mwakani upande mwezi wa kumi."

Bibi Hana bado yupo pale, na kila mwezi wa kumi ngazi yangu inaazimwa. Lakini sijui kama alibaki kwa sababu amesamehe, au kwa sababu hana pa kwenda. Mwalimu naye mpaka leo hajathubutu kumuuliza.