Ringi Zisizo na Vumbi

Pale pa kuoshea magari walimwita Kioo, na jina hilo lilimkaa mpaka watu wakasahau kwamba alizaliwa na jingine. Kazi yake ilikuwa ringi za magurudumu tu. Bodi, viti, mazulia na injini vilikuwa vya wenzake, wale wa mabuti ya mpira waliotaniana tangu asubuhi huku mashine ya maji ikinguruma. Yeye alikaa mwisho wa uwanja chini ya kibanda cha mabati, kwenye kigoda kifupi kiasi kwamba magoti yalikaribia kumfika kidevuni. Mteja akija, alichokiona ni mgongo na kofia.

Alipewa ringi za alumini iliyong'arishwa, zile zisizopakwa rangi wala chochote cha kuzikinga. Ukizitunza, unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Ukizipuuza, vumbi la breki linazimaliza. Kila dereva anapokanyaga breki, pedi zinasagika, na unga mweusi unaruka ukatua juu ya ringi ukiwa wa moto. Ukipata unyevu unashika kutu, na kutu hiyo inaila alumini polepole hadi inabaki na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kwa hiyo Kioo hakuwa na haraka. Aliiacha ringi ipoe kwanza. Aliimwagia maji mengi kuondoa unga uliolegea, kisha sabuni laini na brashi laini, akiingiza mkono mpaka nyuma ambako hakuna mteja anayechungulia. Akakausha, halafu akapaka nta nyembamba, akaiacha ikauke na kuifuta, ili vumbi la safari ijayo likose pa kung'ang'ania. Tindikali hakuigusa kabisa. Wapo walioitumia kuharakisha kazi, ringi zikatoka nyeupe pe kama chaki na mwenye gari akataka kupigana.

Mkewe alikuwa ameondoka zamani na watoto, bila ugomvi wa kusikika na majirani. Alichoka tu. "Nakaa na wewe kama nakaa na kabati," alimwambia akiwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Tangu hapo Kioo aliishi katika chumba cha kupanga, na redio aliyoiwasha hata kama haisikilizi, maana kimya cha chumba kile kilikuwa kama kinamsuta. Kazini nako watu waliongea juu ya kichwa chake. Kuna aliyemwacha mchumba kwa simu huku kiatu chake kinakaribia kukanyaga brashi ya Kioo. Kuna aliyelia hadi kwikwi. Hakuna aliyemwonea haya, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba pale chini kuna mtu.

Isipokuwa Mama Cherehani.

Alikuwa mshonaji mstaafu, mjane, mwembamba, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alikuja kila Jumamosi asubuhi na gari dogo la rangi ya maziwa aliloachiwa na mumewe. Wateja wengine walikaa kwenye benchi lenye televisheni. Yeye alikokota kiti cha plastiki mpaka kibandani, akaketi kando ya Kioo kama aliyekwenda kumwona jamaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo umekula?"

"Nitakula."

"Nitakula siyo jibu. Nimeuliza umekula?"

Kisha angemsimulia habari zake za kushona: bibi harusi aliyenenepa ghafla siku chache kabla ya harusi, diwani aliyetaka suti yenye mifuko mingi mpaka watu wakaanza kujiuliza ya nini. Kioo aliitikia "mh" na "kumbe", mikono haikomi. Aligundua kwamba tangu Ijumaa alikuwa akiingoja Jumamosi.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Ringi za gari lile zilikuja safi. Magari mengine yalileta hadithi zao: ringi za mbele nyeusi tii, maana yake dereva ana pupa; moja nyeusi kuliko nyingine, breki yake inashika. Za Mama Cherehani zilikuwa na vumbi jepesi la barabara, na chini yake nta ya Jumamosi iliyopita ilikuwa bado inateleza. Kioo alizisafisha vilevile, kwa ukamilifu uleule, na hakusema kitu.

Angenyamaza tu hivyo hivyo, lakini siku moja mashine ya maji ilizimika, na wenzake wakaja kivulini kwake kupumzika. Mama Cherehani alikuwa amewachekesha na habari za diwani. Kioo naye, ambaye hakuwahi kumchekesha mtu, alipandwa na hamu ya kuingia katika kicheko kile.

"Mama," alisema, "hili gari lako haliendi popote. Linatoka kwako linakuja kwangu, linatoka kwangu linarudi kwako. Hata breki zake zimeshasahau kazi!"

Wenzake waliangua kicheko, mmoja akampiga begani. Mama Cherehani naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Akatazama mikono yake mapajani.

"Kweli, baba," alisema. "Haliendi popote."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Kioo aliinua kichwa kila gari lilipoingia langoni, na kila mara lilikuwa la mtu mwingine. Ile kauli yake ilimrudia hata akiwa anapika. Alikuwa amemvua nguo mtu mzima hadharani.

Jumapili moja alishindwa kuvumilia. Aliwauliza washonaji wa sokoni, wakamwelekeza kwenye geti la bluu nyuma ya kinu cha kusaga. Alibeba ndoo na brashi zake, ili akikosa la kusema angalau mikono iwe na kisingizio.

Mama Cherehani alifungua geti, akaitazama ndoo. "Umekuja kuniosha?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilitaka kuchekesha watu. Sijui kuchekesha."

"Ulichekesha. Ndiyo maana iliniuma." Alimpisha aingie. Gari lilikuwa uani, limetandwa na vumbi la kukaa. "Marehemu alikuwa anazisugua hizo ringi hapo kila Jumamosi, na mimi nimekaa mlangoni na cherehani yangu. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Nilipenda tu kukaa karibu naye akisugua. Alipoondoka, nikaona kwako kuna anayesugua. Basi."

Kioo aliitua ndoo chini. Alitaka kusema kwamba hata yeye alikuwa akimsubiri, lakini badala yake akaanza kuzipanga brashi.

"Na gari nimeshaliuza," aliendelea mama. "Binti yangu anakuja kunichukua nikaishi kwake, mbali huko. Macho haya yanazeeka. Mnunuzi atalifuata wiki hii."

Kuku wa jirani alipita katikati yao.

"Leseni unayo bado?" Kioo aliuliza.

"Ninayo."

"Basi tulipeleke mahali."

"Wapi?"

"Popote penye mteremko."

Mama Cherehani alimkazia macho, kisha akaingia ndani, akatoka na kilemba kipya na funguo.

Walishika barabara inayoshuka kutoka mlimani kwenda bondeni kwa kona nyingi. Mwanzoni mama aliendesha kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Kila kona alikanyaga breki, kila breki akaomba dua. Walipofika katikati mabega yalimlegea, akashusha kioo cha mlango, upepo ukakivuruga kilemba. Harufu ya breki ikaingia. Ikawa ni zamu ya Kioo kusimulia, na yeye mwenyewe alishangaa kujisikia. Alimweleza habari ya mkewe, mpaka pale alipoambiwa ni kabati.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Si kabati hilo hilo sasa!"

Kioo alicheka hadi akashika mbavu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mbavu zilimuuma kwa sababu hiyo.

Chini bondeni walinunua soda, wakalizunguka gari. Ringi za mbele zilikuwa nyeusi. Mama Cherehani alipitisha kidole, akakiinua juu kuonyesha ule unga, machozi ya kicheko yakimtiririka chini ya miwani. "Marehemu angenifukuza nyumbani!" Kisha kicheko kikakatika, machozi hayakukatika, na Kioo akasimama kando yake ameshika chupa zote mbili.

Jioni, uani, alizisafisha zote kwa mara ya mwisho na kuzipaka nta mara mbili, kwa sababu hakumjua mnunuzi wala tabia zake. Mama aliketi mlangoni. Hawakuongea sana.

Siku ya safari, teksi ilisimama mbele ya uwanja wa kuoshea magari. Mama Cherehani alikuwa kiti cha nyuma na binti yake, mabegi hadi shingoni. Kioo alikimbia na mikono iliyojaa povu, akainua viwiko kuonyesha kwamba hawezi kushikana mkono. Mama akamkamata kiganja hivyo hivyo na povu lake.

"Leo umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo," alisema, akamwachia. Teksi ikaondoka.

Kijana wa mashine alimwuliza, "Ni mama yako yule?"

"Hapana."

"Sasa ni nani wako?"

Kioo alijifutia povu kwenye suruali. Mteja wake alipiga honi. Alirudi kibandani, akapiga magoti mbele ya ringi ya mtu asiyemjua, akafanya kazi mpaka uwanja ulipofungwa. Usiku ule hakuwasha redio. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akajaribu kukumbuka vizuri jinsi hadithi ya bibi harusi ilivyokuwa inaanza.